Maoni yangu: kutafuta wazee waliokuja kwa meli kwenye orodha za abiria za Ellis Island

Wale mlioolewa au kuoa huku Marekani kwenye familia za Kitaliano, Kiyahudi, Kipolandi, Kigiriki na kadhalika hii inawahusu sana, na hata kama haikuhusu soma tu, manake huko chini nimegusia na orodha za Waingereza ambazo ndani yake kuna meli za kwetu za Mombasa na Zanzibar. Nazungumzia huduma ya mtandaoni ya kutafuta abiria ya Statue of Liberty–Ellis Island Foundation, taasisi ya kile kisiwa cha New York walikopokelewa wahamiaji, ile ambayo unaandika jina la mzee aliyeshuka New York halafu unaletewa karatasi yenyewe ya meli, imepigwa picha, na mwandiko wa karani vilevile ulivyokuwa. Kutafuta ni bure. Unafungua akaunti kwa imeili tu, hawakuombi kadi ya benki, unaanza. Mimi naipa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja niliyoibana nitaeleza kwa nini.

Mimi mtu wa Tanga, mume wangu kwao ni Wataliano wa Sicily. Watoto wetu upande wangu hawana shida, bibi yao akipigiwa simu anawashushia majina ya wazee mmoja baada ya mwingine, nani kamzaa nani, nani alitoka Pemba, nani alioa wapi, yote yako kichwani. Upande wa baba yao sasa, ukiuliza unaambiwa "walitoka Italia" basi, imeisha. Italia ipi, kijiji gani, walikuja mwaka gani, nani aliwapokea, kimya. Mama mkwe ndo aliyebaki anayejua majina na ni mtu mzima, kwa hiyo nilitaka hii kazi ifanyike yupo hai na kumbukumbu zake zipo, na watoto wakae naye wasikie. Kwangu mtoto kujua nusu ya ukoo wake tu ni kama kumnyima haki yake, sikuweza kuliacha hivyo.

Tuelewane kwanza hizi karatasi ni nini. Marekani walitunga sheria mwaka 1819 kwamba nahodha akitia nanga lazima akabidhi orodha ya abiria wake, ndo maana kumbukumbu zinaanzia 1820. Ellis Island yenyewe ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892, wa kwanza kuandikishwa alikuwa binti wa Ireland anaitwa Annie Moore aliyekuja na meli ya Nevada, ikafungwa 1954, na katikati hapo wakapita watu zaidi ya milioni 12. Kabla yake wageni walikuwa wanapokelewa Castle Garden kule chini Manhattan. Mwezi wa 6 mwaka 1897 majengo ya mbao ya kisiwani yaliungua yote na makaratasi mengi ya uhamiaji yakaenda na moto, ila orodha za abiria walizokabidhiwa watu wa forodha zilikuwa zimehifadhiwa kwingine zikasalimika, kwa hiyo usikate tamaa kama mzee wako alikuja kabla ya moto. Huduma ilipoanza mwaka 2001 ilikuwa na miaka ya 1892 mpaka 1924 tu, majina yalichapwa na maelfu ya watu wa kujitolea wa kanisa la Wamormoni wakisoma kutoka kwenye filamu ndogondogo, kazi ya miaka mingi na hawakulipwa hata senti. Siku hizi inaanzia 1820 mpaka 1957 na ina majina karibu milioni 65. Mtu anayetoa muda wake kuchapa majina ya wazee wa watu wengine namheshimu mno.

Sasa kabla hujagusa kompyuta kaa na mzee wa familia kwanza. Jina unalolijua wewe ni la Kimarekani na mzee alisafiri na jina la nyumbani kwao. Aliyezikwa akiitwa Joe kwenye meli ni Giuseppe, James mara nyingi ni Vincenzo. Na wanawake wa Kitaliano walisafiri kwa jina la baba zao hata kama wameolewa na wana watoto watano, sawasawa na kwetu pwani ambako mwanamke anabaki na ubini wake. Kwa hiyo ukimtafuta kwa jina la mume humuoni ng'o, lakini watoto wake wadogo wanaweza kuwa wameandikwa hapohapo chini yake na jina la baba yao, na ukiwa hujui unadhani ni familia mbili tofauti. Muulize mzee vizuri, jina la bibi kabla hajaolewa lilikuwa lipi, ndugu zake wanaitwaje, nani alitangulia kuja. Mwaka wa kufika kama haujulikani angalia sensa za Marekani za 1900, 1910, 1920 na 1930, zote ziliuliza mtu aliingia nchini mwaka gani, na kwenye FamilySearch, tovuti ya bure ya kutafuta ukoo, unaziona bila kulipa. Watu walikuwa wanakadiria kwa hiyo mpe nafasi ya mwaka mmoja au miwili huku na huku, lakini inakupunguzia msitu.

Hapa ndo inakuja ile nyota niliyoibana. Majina yalisomwa na binadamu kutoka kwenye mwandiko wa binadamu mwingine wa miaka zaidi ya 100 iliyopita, wino umefifia, karatasi imekunjika, karani anaandika kwa mikunjo yake, kwa hiyo herufi L inasomwa S, u inasomwa n, na jina la Kisicily limechapwa na mtu asiyejua Kitaliano likawa jina ambalo duniani halipo. Ukiandika jina kwa usahihi wake unaweza kuambiwa hayupo kumbe yupo, ila kachapwa kivingine. Dawa yake ni fomu za bure za Stephen P. Morse, zinaitwa One-Step, na huyu bwana ndo mhandisi aliyebuni chipu ya Intel 8086 ambayo kompyuta zetu nyingi ni wajukuu zake. Huduma ya Ellis Island ilipotoka 2001 yeye akatengeneza njia yake ya kutafuta ndani ya data hiyohiyo, unaweza kuweka herufi za mwanzo tu za jina, au jina linalosikika kama hilo, ukaongeza umri kuanzia mpaka, kijiji, jinsia, mwaka. Ukurasa wake hauna urembo wowote, mistari na viboksi tu, lakini kwa kazi unaishinda fomu ya kawaida kwa mbali. Mimi ushauri wangu, tafuta kwa Morse, halafu picha kaiangalie kwenye Ellis Island au FamilySearch. Sisi tulimpata bibi yake mama mkwe kwa kuweka jina la kijiji na umri wake tu bila ubini kabisa, manake ubini ulichapwa vibaya kiasi kwamba nisingeukisia hata kwa wiki nzima.

Na sasa jambo ambalo wengi hawalijui na linaniuma wakilikosa. KARATASI INA UKURASA WA PILI. Kuanzia 1907 maswali yalikuwa 29 na hayakutosha ukurasa mmoja, kwa hiyo majina yako kushoto na nusu ya majibu iko kulia, na kwenye picha za mtandaoni mara nyingi ukurasa wa kulia ni picha inayofuata. Mtu anaona jina, anafurahi, anadaunlodi picha moja, anafunga. Bonyeza mbele! Kila karatasi ina mistari 30, angalia mzee yuko mstari wa ngapi upande wa kushoto, halafu shuka mstari uleule kwenye picha ya pili. Ukurasa wa kwanza unakupa jina, umri, kazi, kama anajua kusoma na kuandika, taifa, kabila lao walivyolipanga wao (Wataliano waliwagawa wa kaskazini na wa kusini, kila kundi na jina lake), alikokuwa anaishi, na jina na anuani ya ndugu wa karibu aliyemwacha nyumbani. Ukurasa wa pili unakuambia nani alilipa nauli, ana hela kiasi gani mkononi, anamwendea nani na mtaa gani na nyumba namba ngapi, urefu wake, rangi ya nywele na macho, alama mwilini, na alipozaliwa. Kuna na swali kama ana wake wengi na swali kama anataka kupindua serikali, kila mtu aliulizwa.

Huyu bibi yetu alikuja na watoto wawili wadogo, mume ndo kalipa nauli, mfukoni ana dola 12, urefu futi 4 na inchi 11, na aliyemwacha nyumbani ni baba yake mzazi, jina kamili limeandikwa. Hilo jina la baba yake hakuna mtu yeyote kwenye familia aliyewahi kulisikia. Kizazi kizima kimeongezeka kwa mstari mmoja wa wino! Mama mkwe alimwambia mjukuu wake asome tena na tena, na akaanza kutaja majina ya binamu ambao hakuwataja miaka yote niliyomjua, na mimi nikawa naandika kadiri mkono unavyoweza.

Halafu angalia pembeni ya jina kama kuna alama ya X. Hiyo maana yake alizuiliwa. Mwisho kabisa wa orodha ya meli hiyohiyo, picha za mwishomwisho, kuna karatasi za waliozuiliwa, na hizo ndo tamu kuliko zote. Wanawake waliokuja na watoto hawakuachiwa wakatembee peke yao New York, walikaa kisiwani mpaka mume au ndugu afike, au itumwe hela kwa telegramu. Karatasi inaandika sababu ya kuzuiliwa, nani alikuja kumchukua, saa ngapi aliondoka, na idadi ya milo waliyokula, ya asubuhi, mchana na jioni, manake chakula kilikuwa kinadaiwa kampuni ya meli. Kwenye familia yetu kulikuwa na stori ya mama yake mama mkwe, aliyekuja akiwa na miaka minne, kwamba alilala kwenye jumba kubwa lenye vitanda vitatu juu kwa juu, wakubwa wakawa wanamwambia mtoto wewe unachanganya na meli. Kumbe hakuchanganya. Jina la mama yake limo, milo ya siku mbili imo, na mabweni ya Ellis Island kweli yalikuwa na vitanda vya kupandiana vitatu. Yule mama kafa bila kuaminiwa, sasa hivi wajukuu wanajua alikuwa anasema kweli.

Ukiona herufi S.I. (Special Inquiry) ujue alipelekwa mbele ya baraza la uchunguzi maalumu, hapo kulikuwa na wasiwasi fulani, ugonjwa au kwamba hataweza kujitegemea. Waliorudishwa walikuwa wachache, kama 2 kwa kila 100, na kampuni ya meli ndo ilibeba gharama ya kuwarudisha. Tena kuanzia 1903 kampuni ikileta mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza ambao ungeonekana kabla ya safari inapigwa faini ya dola 100, kwa hiyo mchujo ulianzia huko bandarini walikopandia.

Na hapo ndo nataka kulisema hili la majina. Karibu kila familia huku itakuambia jina letu lilibadilishwa Ellis Island, karani hakuelewa akaandika alivyosikia. Hapana jamani. Orodha zilijazwa bandarini kule Palermo, Napoli, Hamburg, na watu wa kampuni ya meli, halafu karani wa kisiwani alikuwa anasoma jina lililokwisha andikwa na kuweka alama. Na wakalimani walikuwepo wa lugha kibao, Fiorello La Guardia aliyekuja kuwa meya wa New York alifanya kazi ya ukalimani hapo kuanzia 1907 mpaka 1910. Kwenye karatasi yetu jina limeandikwa Kitaliano safi. Waliobadilisha ni wenyewe baadaye, kazini, shuleni, kwenye kuomba uraia. Mama mkwe hili alilipinga kwa nguvu, nikamwonyesha, akasema basi baba yangu mwenyewe ndiye, alikuwa na haraka ya kuwa Mmarekani.

Kwa wanaume kuna jambo lingine, wengi walikuwa wanakuja wanafanya kazi wanarudi wanakuja tena, hasa Wataliano, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa kwenye meli kadhaa kwa miaka tofauti na zote ni yeye, usichague moja ukatupa nyingine. Na ukiona namba zimeandikwa kwa mkono mwingine juu ya kazi yake, zile ziliongezwa baadaye, nyingi baada ya 1926, mtu alipoomba uraia na serikali ikataka kuhakikisha kweli aliingia na meli aliyoitaja. Zinakuelekeza kwenye faili la uraia, usizidharau.

Kitu kingine lazima nikiseme maana marafiki zangu weusi wa hapa waliniuliza na sisi je. Weusi waliokuja kwa hiari yao wamo humu, watu wa Jamaica, Barbados na visiwa vingine, Marcus Garvey mwenyewe, yule mpigania haki za weusi kutoka Jamaica, alishuka New York tarehe 24 Machi 1916 na meli ya Tallac. Lakini mwenye babu aliyeletwa kwa minyororo hapati karatasi ya namna hii, na inauma, unakaa na rafiki yako unamwonyesha mstari wa dola 12 na urefu futi 4 na yeye huna cha kumwonyesha. Kuna tovuti ya SlaveVoyages, ni bure, ina safari zaidi ya 36,000 za meli za watumwa, zikiwemo zilizobeba watu kutoka Msumbiji na pwani yetu hii ya mashariki, ila wingi wake ni majina ya meli na manahodha na hesabu ya watu waliopakiwa na waliofika. Kuna sehemu yake yenye majina ya Waafrika kama 91,000 waliokombolewa kutoka kwenye meli zilizokamatwa baharini, hao waliandikwa majina yao ya nyumbani kabisa. Na baada ya 1808 meli zilizohamisha watumwa kutoka bandari moja ya Marekani kwenda nyingine zilitakiwa kuwa na orodha, inakupa jina la kwanza, umri, urefu, na jina la anayejiita mwenye mtu. Kama una jina la huyo bwana kwenye karatasi za familia, anzia hapo. Ni njia ndefu lakini ipo.

Mapungufu mengine. Hii ni New York tu, mzee akiwa alishuka Boston, Philadelphia, Baltimore au New Orleans humu hayumo, nenda FamilySearch. Waliopandia Hamburg wana bahati, orodha za huko za 1850 mpaka 1934 zimehifadhiwa na nyingi zinataja mji wa mtu alikotoka, kwa hiyo ukikwama New York jaribu kumtafuta upande wa kuondokea. Waliopandia Bremen pole yao, wenyewe walikuwa wanazitupa orodha za zamani kwa kukosa nafasi na zilizobaki zikaharibika vitani, zimesalia za miaka ya 1920 mpaka 1939, tena pungufu. Taasisi inauza nakala nzuri ya kuweka kwenye fremu, sisi tulimnunulia mama mkwe moja na imechapwa vizuri, karatasi nzito, ila kwa utafiti picha ya bure inatosha. Na msikimbilie tovuti za kulipia kabla hamjamaliza za bure, kuna moja sitaitaja, nilijaribu ile ya majaribio wakaendelea kukata hela baada ya kuwaambia sitaki tena, na walichonionyesha ni picha ileile.

Ukiwa New York au New Jersey wapelekeni watoto kisiwani kwenyewe, feri inatokea Battery Park au Liberty State Park na ukishalipa feri makumbusho huingii kwa tiketi nyingine, kompyuta za kutafutia zipo. Wanangu walisimama kwenye ule ukumbi mkubwa wa juu wakiwa wanajua tayari nani alipita hapo, wakawa wanawaeleza watoto wengine wasiowajua, mimi nilijisikia vizuri mno.

Na nyie wa nyumbani, hizi za Waingereza. Hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza (National Archives) kule Kew, London, ina orodha za abiria walioingia Uingereza kwa meli kutoka nje ya Ulaya 1878 mpaka 1960 na walioondoka 1890 mpaka 1960. Kama babu yako alikwenda kusoma London au Edinburgh miaka ya 50 kwa meli kutoka Mombasa, Dar au Zanzibar, mtafute kwenye walioingia, wanaandika umri, kazi, na anuani anayokwenda kukaa, hosteli ipi mtaa gani. Waliohamia Afrika Mashariki kutoka Uingereza wako kwenye walioondoka. Ziko kwenye tovuti za Ancestry na Findmypast ambazo ni za kulipia, lakini ukienda Kew mwenyewe unazisoma bure, na maktaba nyingi za umma Uingereza na Marekani zina Ancestry ya bure kwa wanachama, ulizeni mezani kwa mkutubi. Jina la babu liandikeni kwa tahajia zote mnazoweza kuzifikiria, Mohamed peke yake ina namna zaidi ya kumi, na mkiipata picha isevuni papo hapo kwa jina la meli na tarehe, kurasa zote mbili kama zipo.